Simu ya Kuazima

Mtu mwenye kiu akiazimwa kikombe, maji ayanywayo ni yake. Yakiisha kupita kooni hapana awezaye kuyadai. Habari haziko hivyo. Apataye habari kwa chombo cha mwingine hupata zile tu ambazo mwenye chombo amekubali zipite, kwa saa aipendayo mwenyewe, na mara nyingi mbele ya macho yake. Jambo hili ndilo nitakalo tulitazame pamoja, msomaji, wala si dogo ijapokuwa lafanana na dogo. Mwanamke ambaye nyumbani mwake kuna simu yenye intaneti, lakini simu ile si yake, je, tumhesabu kuwa anayo au tumhesabu kuwa hana?

Ukibisha hodi mlangoni ukauliza kama hapo pana simu ya namna hiyo, utajibiwa, "Ipo." Nawe utaandika neno hilo katika daftari lako, utakwenda zako umeridhika. Hukuuliza imo mfukoni mwa nani. Hukuuliza hushinda wapi mchana, hulala chini ya mto wa nani usiku, wala ni nani ajuaye nambari yake ya siri. Maswali haya yaonekana kuwa ya udaku. Lakini udaku huu ndio utengao mtu mwenye habari na mtu aliye karibu na habari, na baina ya watu hao wawili kuna umbali mkubwa kuliko ule ulio baina ya mji na shamba.

Tuchukue mahali pamoja ili tusiseme hewani. Dagoretti iko magharibi ya mji wa Nairobi. Hata uchaguzi wa mwaka 2013 ulipofika ilikuwa jimbo moja la uchaguzi, kisha ikagawanywa kuwa mawili, Kaskazini na Kusini. Katika lile la Kaskazini pekee mna Kilimani na Kileleshwa, penye majumba ya ghorofa na miti ya kivuli. Na humohumo mna Kawangware, Gatina na Kabiro, ambako nyumba za mabati zimebanana hata jirani husikia jirani yake akikohoa. Kusini kuna Riruta, Waithaka, Ngando, Uthiru na Mutuini. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutoka kwa matajiri akafika kwa maskini kabla jua halijamchosha.

Kando ya Barabara ya Ngong, upande wa Kilimani, ndipo ilipofunguliwa iHub mwaka 2010, nyumba ya kukutania vijana watengenezao programu za kompyuta. Mwaka mmoja kabla ya hapo nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa, na Kenya ikapunguziwa taabu ya kutegemea setilaiti. Waandishi wa nchi za ng'ambo walikuja, wakatazama, wakaipa Nairobi sifa nyingi. Sifa zile hazikuwa za uongo. Lakini Oktoba 2015 shirika la World Wide Web Foundation, lililoasisiwa na Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti, lilitoa taarifa juu ya mitaa ya maskini katika miji kadhaa ya dunia, na Nairobi ilikuwa mojawapo. Katika mitaa ile ya Nairobi iliyochunguzwa, kati ya kila wanaume 100, 57 walitumia intaneti. Kati ya kila wanawake 100, walioitumia walikuwa 20.

Tafadhali ziangalie hesabu hizo kwa makini kabla ya kuendelea. Mitaa ni ileile, mabati ni yaleyale, mnara wa simu ni mmoja. Kama umaskini ungalikuwa sababu ya pekee, ungaliwanyima wote kwa kipimo kimoja. Umaskini haumjui kaka wala dada. Wanaowabagua ni watu.

Hapa msomaji mwangalifu atanikatiza. Atasema kwamba sensa ya mwaka 2019 ilipowauliza Wakenya kama wana simu za mkono, wanawake waliojibu kuwa wanazo walilingana na wanaume, hata waliwazidi kidogo. Ni kweli, nami sina haja ya kuificha kweli hiyo. Lakini sensa ileile iliuliza na swali la pili, juu ya matumizi ya intaneti, na hapo wanaume walikuwa asilimia 25.1 na wanawake asilimia 20.1. Wamelingana katika simu, wameachana katika intaneti. Maana yake ni kwamba simu si kitu kimoja. Kuna simu ya vibonye, ambayo Nairobi huiita kabambe, jina la sifa kubwa kwa kitu kisicho na sifa nyingi ila betri isiyokufa upesi. Simu hiyo husema na husikia, hupokea fedha na hutuma fedha. Haisomi gazeti, haionyeshi ramani, haifungui kitabu. Na kuna ile simu ya kioo, ambayo ni duka la vitabu, shule, ofisi ya serikali na baraza la wazee katika kiganja kimoja. Ya kwanza wengi wanayo. Ya pili, kwa wanawake wengi wa mitaa niliyoitaja, ni ya kuazima.

Simu ya kuazima ina sheria zake, ingawa hazikuandikwa popote. Sheria ya kwanza ni kwamba mwenye kuazima hungoja. Tufanye mfano. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalihamia redioni, katika televisheni na katika intaneti. Wengi wenu msomao kitabu hiki mlikuwa wadogo wakati ule, lakini haikosi mnaukumbuka. Fikiri nyumba ya chumba kimoja huko Gatina, yenye baba, mama, mvulana wa kidato cha pili na msichana wa kidato cha tatu. Simu ya intaneti ni moja, nayo ni ya baba, maana ndiye aitwaye kazini kwa simu hiyo. Baba arudi jioni. Mvulana ameketi, hana kazi. Aiomba simu, apewa. Msichana yuko jikoni, yaani katika pembe ya chumba kilekile penye jiko, apika ugali na kumwogesha mdogo wao. Amalizapo, bando limekwisha, au betri imekwisha, au baba anataka kulala na simu ndiyo saa yake ya kumwamsha alfajiri. Msichana asoma kesho. Na kesho ni kama leo.

Sasa nakuuliza, ni nani aliyekosa katika nyumba ile? Baba hakumnyima binti yake. Hata aliulizwa angesema kwamba simu ni ya wote. Mvulana hakumpokonya dada yake kitu, aliomba, akapewa. Mama alihitaji msaada, na msaada uliokuwa karibu ni wa binti. Hapana uovu. Hapana hata neno kali. Lakini mwisho wa miezi ile mmoja amesoma na mwingine hakusoma, naye asiyesoma ndiye aliyekuwa mbele kwa darasa. Dhuluma yenye dhalimu ni rahisi kuishitaki, maana kuna mtu wa kunyoshewa kidole. Ile isiyo na dhalimu hukaa nyumbani kama mgeni aliyezoeleka, watu wakaona kwamba ndivyo nyumba ilivyo. Ndiyo sababu nimeiita swali la maadili wala si swali la vyombo. Ukileta simu ya pili katika nyumba ile bila ya kuubadili mwendo wake, nachelea kwamba simu ya pili itakuwa ya mvulana.

Juu ya mwendo huo tuna ushahidi wa hesabu. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 uliona kwamba mwanamke hutumia muda wa yapata saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na za kulea zisizo na mshahara, na mwanamume hutumia muda usiotimia saa moja. Maarifa yataka kuketi, na mtu huketi katika muda ulio wake.

Sheria ya pili ya simu ya kuazima ni nzito kuliko ya kwanza: haina siri. Chombo kile hukumbuka kila ulichokiuliza, kikamwonyesha mwenyewe. Msichana anataka kujua juu ya mwili wake mambo ambayo hathubutu kumwuliza mtu; atayauliza kwa simu ya baba? Mwanafunzi asumbuliwa na mtu mzima mwenye cheo, naye ataka kujua sheria yasemaje na aende kwa nani. Atayaandika maneno hayo kwa simu ya mjomba, ambaye huenda ni rafiki wa mtu yule? Mke anataka kujua kama kiwanja walichonunua pamoja na mumewe ni chake pia. Iko sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, nayo yasomeka bure katika intaneti. Lakini kuisoma katika simu ya mume ni kama kuisoma kwa sauti chumbani. Basi haulizi. Na asiyeuliza huonekana kuwa hana haja, watu wakasema, "Wanawake hawapendi mambo hayo."

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuitimiza haki hiyo. Kifungu hakikusema kila nyumba. Kilisema kila raia. Mtunga sheria alilichagua neno lake, nasi twafanya vizuri kulisoma kama lilivyoandikwa.

Dagoretti yenyewe ina kumbukumbu ya zamani juu ya kupokea habari kwa mkono wa mwingine. Oktoba 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome hapa, akafanya udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande huu. Kulikuwa na maneno ya kinywa, yaliyohitaji wakalimani. Na kulikuwa na karatasi za Kampuni, zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma Waiyaki. Mwaka uliofuata ngome ilikuwa imekwisha kuachwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi akiwa safarini kupelekwa pwani. Sisemi kwamba kusoma kungalimwokoa, maana bunduki hazingoji mtu amalize kusoma. Nasema tu kwamba kati ya watu wawili waliokula kiapo kimoja, mmoja alijua yaliyoandikwa na mwingine alijua aliyoambiwa. Na hali hiyo ya watu wawili wa mwaka 1890, leo waweza kuiona kwa mume na mke walioketi kwenye meza moja.

Pengine utaona nimekuza mambo. Utasema kwamba ngome na mikataba ni mambo makubwa, na simu ni kitu cha kuchekea na kutumiana picha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani kidogo. Sivyo ilivyo sasa. Tangu mwaka 2014 serikali ya Kenya imekuwa ikihamishia kazi zake katika tovuti ya eCitizen, na katikati ya mwaka 2023 ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zapatikana humo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huombwa humo. Pasipoti huombwa humo. Mwanafunzi amalizaye shule ya upili huchagua chuo na masomo yake kwa intaneti, na mkopo wa kumlipia masomo huuomba kwa njia hiyohiyo. Mlango wa serikali umehama. Zamani ulikuwa wa mbao, uko mjini, nawe ulifika kwa miguu ukapanga foleni. Sasa uko ndani ya kioo. Asiye na kioo humwendea mwenye saiba, amlipe amfungulie, ampe jina lake, nambari ya kitambulisho chake na pengine neno lake la siri. Kwa hiyo amenunua kwa fedha na kwa siri kile ambacho mwenzake amekipata kitandani bila ya kuvaa viatu.

Bei ya simu ni kikwazo, lakini sitakaa hapo sana, kwa kuwa bei yajulikana na yazungumzwa kila siku. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa kuuza simu za kioo kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, na bila shaka mipango ya namna hiyo imewafaa watu. Swali langu liko nyuma ya bei. Katika nyumba yenye shilingi 20 za ziada, ni nani aamuaye kwamba ni zamu ya nani?

Sasa nizikabili hoja za wale wasioafikiana nami, maana si wajinga wala si wabaya. Hoja ya kwanza husema kwamba nyumba ni kitu kimoja. Kwamba kugawa simu ni kugawa mapenzi, na kwamba mume na mke wenye siri wamekwisha kuachana kabla ya talaka. Hoja hii ina uzuri wake. Ningaliikubali kama ingalifuatwa na pande zote. Lakini jaribu kuigeuza. Mwambie yule mume kwamba tangu leo simu itakuwa ya mkewe, naye ataiomba kila anapoihitaji, aitumie mbele yake, airudishe akimaliza, na kila alichokitazama kitaonekana. Akisema, "Vema, maana sisi ni kitu kimoja," basi yeye ni mtu wa haki na mimi nimeshindwa. Akikunja uso, amejua mwenyewe kwamba umoja ule ulikuwa na bwana. Kipimo hiki cha kugeuza ni cha kale, nacho hakina gharama. Waweza kukitumia hata kwenu leo jioni, ingawa nakushauri uchague saa ambayo wazee wameshiba.

Hoja ya pili ni ya ulinzi. Husema kwamba intaneti ina matusi, ina walaghai, ina watu wawindao wasichana na kuzitangaza picha zao. Basi kumzuia msichana ni kumpenda. Hatari hizo ni za kweli. Bunge la Kenya liliziona, likatunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, na ndani yake kuna adhabu kwa msumbufu na kwa asambazaye picha za faragha za mwenziwe. Lakini tazama vile tufanyavyo katika hatari nyingine. Njia ya kutoka Kawangware kwenda Dagoretti Corner ikiwa na wanyang'anyi, hatusemi wanawake wasiende sokoni milele. Twadai taa na askari. Tena msichana aliyezuiwa hupata simu siku moja, atake asitake mzazi, na huipata bila ya mafunzo wala mtu wa kumwuliza, akaingia peke yake mahali ambapo kaka yake aliingia kidogo kidogo, akikosea na kusahihishwa. Ulinzi wa namna hiyo humwongezea hatari yuleyule alindwaye. Na liko jambo jingine nisilopenda kulipita: wengi wa wale wanaotukana wasichana katika intaneti ni wavulana waliopewa simu mapema na bila ya masharti. Twawafungia wanaoumizwa, twawaacha huru waumizao, halafu twaita hayo malezi.

Hoja ya tatu ni dhaifu, nami naitaja kwa sababu tu bado yasemwa shuleni, hata na walimu: kwamba mashine si tabia ya wanawake. Historia haikubali. Februari 1946, ile kompyuta kubwa ya Marekani iitwayo ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia, waliokuwa wameipangia kazi yake walikuwa wanawake sita. Siku ile hawakutajwa majina. Karibu nasi zaidi, mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay na wapigaji wake, akaimba mbele ya mashine ya kunasia sauti, na santuri zake zikaenea pwani yote. Chombo kipya cha habari kilipofika kwetu, sauti ya Kiswahili iliyokitia nguvu ilikuwa ya mwanamke, tena mtoto wa maskini. Nyuma yake zaidi, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimwandikia binti yake utendi, kwa maana kalamu ilikuwa yake na binti alijua kusoma. Na hapa Kenya, fujo za baada ya uchaguzi zilipowaka mwanzo wa mwaka 2008, Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa miongoni mwa walioiunda Ushahidi, ramani ya intaneti iliyokusanya habari za raia juu ya yaliyotendeka mahali pao. Miaka miwili baadaye wasichana wachache wa Nairobi waliunda AkiraChix ili kuwafundisha wenzao kazi ya programu. Mkono wa mwanamke haukukataa mashine mahali popote ulipofikishwa.

Tena tuna mfano mmoja wa nchi nzima uonyeshao tofauti ya kuazima na kumiliki. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Kazi hiyo haikuhitaji simu ya kioo; kabambe ilitosha. Iliyohitajiwa ni laini, na baadaye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwenyewe, na nambari ya siri ambayo yeye peke yake anaijua. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Science. Walikadiria kwamba M-Pesa ilikuwa imezitoa nyumba 194,000 za Kenya katika ufukara, na kwamba wanawake 185,000 walikuwa wameacha kilimo cha kujikimu wakaingia katika biashara. Jiulize kwa nini jambo hili liliwagusa wanawake hasa. Fedha zilikuwapo kabla ya M-Pesa, na biashara zilikuwapo. Mimi naona kwamba kilichozidi ni mfuko usioweza kufunguliwa na mkono mwingine. Mama auzaye sukuma wiki kando ya Barabara ya Naivasha, akilipwa kwa simu, fedha zile haziingii katika kopo lililo juu ya kabati ambalo kila mtu nyumbani ajua kilichomo. Zaingia mahali ambapo ni lazima kwanza yeye aamue. Akitaka kuzitoa zote kwa ajili ya nyumba, na aghalabu huzitoa, amezitoa yeye.

Mfano huu wanifanya nisikate tamaa, na papo hapo wanifanya nisiridhike. Nimeusifu mfuko, lakini mfuko si maktaba. Mama yule ana fedha zake na hana habari zake. Ajua ameuza kiasi gani, hajui bei ya sukuma leo katika soko jingine, hajui kwamba kaunti imetangaza ada mpya ya vibanda, mpaka mtoto wake wa kiume apate nafasi ya kumsomea. Na mtoto, kama watoto wote, humsomea mistari miwili ya kwanza.

Nilikuwa nikisema habari za nyumba na soko, nawe huenda ukadhani kwamba shule imesalimika. Shule za wasichana pekee zina bahati moja: katika chumba cha kompyuta cha shule kama Precious Blood ya Riruta hapana mvulana wa kumwachia kiti. Bahati hiyo hukoma likizo ianzapo na msichana arudipo nyumbani. Lakini shule za mchanganyiko ndizo nyingi mitaani, na humo kompyuta huwa chache na wanafunzi wengi, hata wawili au watatu wakaketi mbele ya moja. Mwalimu hutoa kazi. Mvulana hushika kipanya, si kwa ukorofi, ila kwa sababu aliwahi kukishika mahali pengine na mkono wake haukisiti. Msichana husoma maagizo kitabuni, kwa sauti nzuri, bila ya kukosea. Kazi yaisha vema; mwalimu asifu wote wawili, awaandikia alama sawa. Mmoja ametumia kompyuta kwa dakika 40, na mwingine ametazama kompyuta ikitumiwa.

Mvulana usomaye haya, sikukuombea lawama. Hukuyaumba mambo haya wala hukuulizwa. Nakuomba jambo dogo ambalo halihitaji fedha za wafadhili. Na wewe msichana, nakuomba lile ambalo ni gumu zaidi, yaani kunyosha mkono bila ya kungoja kukaribishwa, hata ukikosea mbele ya darasa. Mtakapoingia chumba cha kompyuta wiki hii, kabla mwalimu hajaanza, tazameni mikono iliyo juu ya vipanya. Hesabuni ni mingapi ya wavulana na ni mingapi ya wasichana. Kisha hesabuni tena kengele inapokaribia kulia, mwone kama kuna hata mkono mmoja uliobadilishana na mwenzake.